Usimwambie Baba

Watu walimwita Vituko, na jina hilo hakupewa na mzazi wake. Alijipatia mwenyewe kwa mdomo wake. Alikuwa fundi simu, tena fundi kweli, hilo hakuna anayembishia. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la madaftari na kibanda cha fundi viatu. Ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote. Lakini ungepita pale saa nne asubuhi ungedhani kuna sherehe. Benchi la nje lilijaa watu wasio hata na simu mbovu. Fundi viatu alikuwa akishona soli huku sikio lote liko kwa jirani yake, asije akapitwa na neno.

Na pale kibandani palikuwa na utaratibu ambao sidhani kama uko kwingine. Fundi wa kawaida akitengeneza spika ya simu hupiga wimbo kidogo, akairudisha kwa mwenyewe, basi. Vituko aliita mahakama. Skrubu ya mwisho ikishakazwa, angeiwasha simu, atafute sauti yoyote iliyorekodiwa humo ndani, aongeze mpaka mwisho, ainyanyue juu na kuuliza, "Waheshimiwa, inasikika?" Benchi zima lingejibu, "Inasikika." Hapo ndipo simu ilihesabiwa imepona. Zilishasikika pale sauti za shemeji anaomba msamaha, bibi anamkaripia mjukuu, na siku moja mchumba wa mwalimu wa chekechea akimwimbia mpenzi wake, tena masikini wa Mungu hajui kuimba. Mwalimu yule alichukua simu yake akaondoka bila kuaga, na hakuonekana tena. Watu walicheka wiki nzima. Vituko aliwashinda wote kwa kucheka.

Sasa, mganga hajigangi. Binti yake wa mwisho, msichana wa miaka kumi na saba ambaye nyumbani walimwita Kitinda, simu yake ilikuwa imekufa spika wiki tatu. Kila asubuhi alimkumbusha baba yake kwenye chai. "Baba, spika." Na kila asubuhi akajibiwa, "Kesho, mama, kesho." Siku moja Kitinda alisema, kwa sauti ndogo, kwamba kuna kitu anahitaji kukisikiliza. Baba yake akamkonyeza mkewe. "Kitu hicho kina ndevu au bado?" Kitinda akaangalia kikombe chake mpaka chai ikapoa.

Alikuwa mtoto mkimya tangu zamani, ila tangu mwaka uliopita ukimya wake ulikuwa umezidi. Akawa havui sweta. Jua la utosi, watu wanajipepea kwa madaftari, yeye yumo ndani ya sweta la mikono mirefu. Vituko akamwita Bibi Baridi. Jina likamfurahisha mno, akalibeba mpaka kibandani, na binti akipita kwenda shule, benchi linamsalimu, "Bibi Baridi, shikamoo." Mkewe, aliyekuwa dobi wa zahanati, alimwambia mara moja tu, "Mwache mtoto." Akajibu, "Si namtania tu, jamani." Mkewe akanyamaza, akaendelea kukunja mashuka. Vituko aliuona kabisa ukimya ule wa mkewe. Hakujisumbua kuuliza, ndilo kosa lake la kwanza, na hesabu haikuishia hapo.

Jumamosi moja Kitinda aliipeleka simu kibandani mwenyewe. Alisimama pembeni, upande wa fundi viatu, mbali na benchi.

"Baba, namba ya siri ni ile ile. Lakini ukimaliza usiifungue. Nitaijaribu mwenyewe."

"Kwani mna nini humo, siri za serikali?"

"Baba, naomba."

Akamtazama, akaona macho ya mtoto hayachezi. "Haya. Naapa kwa bisibisi yangu."

Kitinda akasema anakwenda kuazima vitabu kwa rafiki yake, atarudi saa sita.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuaibisha. Vumbi limejaa kwenye matundu, na kiungo kimoja cha waya kimeachia. Alikisugua kwa mswaki wa zamani na spiriti, akachomelea kiungo, akafunika. Dakika ishirini. Wiki tatu za kesho-kesho kwa kazi ya dakika ishirini, na bado alijiona amemtendea mtoto hisani.

Alipokaza skrubu ya mwisho benchi lilikuwa limejaa. Mmoja akapaza sauti, "Mahakama ikae." Fundi viatu akagonga nyundo yake mara mbili kwenye kiti, kama kawaida yake.

Usidhani Vituko alisahau kiapo. Alikumbuka vizuri sana. Alijiambia tu kwamba ni sekunde mbili, mtoto hatajua, na watu wameshakaa wanangoja. Akaingiza namba. Nyimbo hakuziona, ila aliona programu asiyoijua, yenye picha ya taa ndogo ya kijani. Akaigusa. Ndani kulikuwa na kitufe kikubwa kimeandikwa SIKILIZA. Sasa niambie wewe, mtu wa tabia ile atapita kitufe kama hicho? Akaongeza sauti mpaka mwisho, akainyanyua simu juu.

"Ni mimi," sauti ikasema. "Kama unasikiliza hii, basi leo ni ile siku, imerudi. Ilishakuja ikapita, na leo pia itapita. Usijifungie chumbani. Toka, ukae uani kwenye ngazi, unywe maji. Usijiumize. Mwambie mama. Mama akiwa kazini, mpigie shangazi, amesema hata akiwa usingizini atapokea. Baba usimwambie. Si mbaya, anakupenda. Ila ataligeuza kichekesho, na kesho mtaa mzima utakuwa unacheka. Haya, vuta pumzi. Tuhesabu mpaka kumi. Moja. Mbili."

Ile sauti aliijua tangu neno la pili. Alitaka kuizima, lakini mkono ulikuwa juu na kidole gumba kikawa hakipati mahali. Kwa hiyo simu ikahesabu. Tatu, nne, taratibu, na kati ya namba na namba mtoto anasikika akivuta pumzi. Benchi likawa kimya kama darasa lililoingiwa na mwalimu mkuu. Ilipofika kumi ikasema, "Nipo na wewe," ikanyamaza.

Watu wote wakamgeukia Vituko. Walimtazama kama walivyozoea kumtazama, wakisubiri neno lake.

Ningependa kukwambia kwamba aliishusha simu akanyamaza. Hakufanya hivyo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na mtu yule alikuwa na dawa moja tu ya aibu tangu utotoni. Akasema, "Waheshimiwa, mmeona dunia? Nimeshtakiwa na simu, kwenye mahakama yangu mwenyewe." Mmoja akacheka, kwa kuona nafuu zaidi ya kitu kingine. Wa pili akafuata. Kisha yule wa mwisho wa benchi, ambaye huenda hakuelewa chochote, akajibu kwa mazoea, "Inasikika." Hapo wakacheka wote. Na yeye akacheka nao.

Alipogeuza uso, Kitinda alikuwa amesimama pale pale pembeni, vitabu vimekumbatiwa kifuani. Rafiki yake hakuwa na vitabu vyote, kwa hiyo Kitinda akarudi mapema. Hakulia. Alinyoosha mkono wa sweta, akaichukua simu kutoka mkononi mwa baba yake.

"Asante, baba," akasema, akaondoka.

Laiti angemtukana. Neno lile "asante" lilimchoma kuliko tusi lolote. Alibaki na mkono wazi hewani mpaka fundi viatu, ambaye peke yake hakuwa amecheka, alipoiweka nyundo chini.

"Yule si mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Mzaha mzaha hutumbua usaha, jirani," fundi viatu akasema. Na yeye pia akainamisha kichwa, kwa sababu nyundo iliyofungua mahakama ilikuwa yake.

Vituko akawaambia watu wa benchi waondoke. Walidhani anatania, ikabidi arudie. Akashusha mlango wa bati akiwa ndani, akakaa gizani na simu za watu. Hapo ndipo alipolifikiria sweta. Aliliona lote, kuanzia kola mpaka vifundo vya mikono, na akaelewa lilikuwa linafunika nini. Bibi Baridi. Alijiona mdogo, mchafu, mtu wa kutemewa mate. Hakuona haya mbele ya mtaa; mtaa aliusahau. Aliona haya kwa sababu mtoto wake alikuwa amekaa peke yake siku fulani, akatafakari nani anaweza kumsaidia abaki salama, na akaona heri ajiachie onyo: usimwambie baba. Na baba hakuchukua hata dakika moja kumthibitishia kwamba alikuwa sahihi.

Alipofika nyumbani alasiri, mkewe alikuwa mlangoni, bado na sare ya kazi. Habari ilishamfikia.

"Mlikuwa mnajua?" Vituko akauliza.

"Mimi na dada yako. Tangu mwaka jana. Mshauri wa zahanati ndiye aliyetupa ile programu. Inamuuliza kila jioni amejisikiaje, na siku mbaya inamkumbusha afanye nini na ampigie nani. Ile sauti aliambiwa ajirekodi siku ambayo ana nguvu, imsaidie siku ambayo hana."

"Mkanificha mimi baba yake."

"Ungeifanyia nini? Niambie, ungeifanyia nini?"

Jibu alikuwa nalo, likamjia lenyewe kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa la kuchekesha. Akalimeza. Lilikuwa chungu kama klorokwini.

"Wiki tatu hizi spika imekufa," mkewe akaendelea, "alikuwa ananiamsha mimi nimwambie yale maneno. Nilikwambia umtengenezee simu. Mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Sasa ameifuta. Sauti, programu, vyote. Amesema sauti iliyochekwa haiwezi kumsaidia tena."

Vituko akashtuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akaona kitu anachokiweza. "Kilichofutwa kinarudishwa. Nina njia. Nipe simu, nusu saa tu."

"Usiguse," mkewe akasema. Hakupandisha sauti. "Usiguse tena kitu cha mtoto huyu bila kuambiwa."

Akaenda akakaa sakafuni nje ya mlango wa chumba cha binti yake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama yake ndiye aliyeomba usifungwe. Shangazi alikuwa ndani, amekaa kitandani na mtoto, na alimtazama kaka yake kwa ile nafasi ya mlango kisha akaangalia pembeni.

"Nimekosa, mama," Vituko akasema.



"Uliapa kwa bisibisi," sauti ya Kitinda ikatoka ndani.

"Niliapa."

"Watu walicheka."

"Mimi ndiye niliyewaanzishia."

Akangoja. "Sina la kusema," akasema mwishowe.

"Basi usiseme."

Akakaa pale bila kusema mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumatatu benchi lilijaa tena. Alipokaza skrubu ya mwisho ya simu ya kwanza ya siku, wakaita mahakama, akawajibu kwamba imefungwa. Wakacheka, wakidhani ndio utani mpya. Waliposikia hivyo hivyo Jumanne na Jumatano, wakaanza kupungua. Akawa akimaliza simu anampa mwenyewe aijaribu, na yeye anageuza uso ukutani. Kuna aliyejaribu kumuuliza, "Yule Bibi Baridi vipi?" Vituko akamwambia jina hilo asilisikie tena pale, na mtu yule akaona ni heri aende zake. Alimtafuta hata mwalimu wa chekechea, akamwomba radhi getini mwa shule mbele ya watoto. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia," akafunga geti. Hakusema amemsamehe. Ilimstahili.

Nyumbani maji yalikuwa yameshamwagika. Kitinda alimsalimu, akampa chai, akamjibu akiulizwa. Kila Alhamisi alikwenda kwa mshauri, na baba yake aliruhusiwa kumsindikiza mpaka kwenye lango la zahanati, asiingie. Akawa anakaa kwenye jiwe pale nje mpaka atoke. Mkewe alimnong'oneza kwamba mshauri na mtoto wameiweka upya ile programu, na kwamba kuna sauti mpya. Inasema nini, hakuambiwa. Hakuuliza. Usiku na mchana swali lilikuwa moja tu: siku ile ikirudi, na mama hayupo, mtoto atampigia nani?

Miezi miwili ikapita.

Ilikuwa alasiri, na benchi lilikuwa na watu wanne, watano. Zamani, simu ya Vituko ikiita wakati mikono ina kazi, aliigusa kwa kiwiko, akaiacha iseme kwa spika, na benchi likafaidi. Siku hiyo alikuwa ameshafungua simu ya mteja, vipande viko mezani kwenye kitambaa, pale yake ilipoita. Akaona jina. Akaweka kichomeo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaibana simu sikioni.

"Baba, uko na watu?"

"Niko nao."

"Umeweka spika?"

"Sijaweka."

Alisikia pumzi, ile ile ya kwenye hesabu.

"Mama yuko zamu, simu yake iko kabatini. Shangazi hapatikani." Kisha akaongeza, "Nilikuweka wa tatu kwenye orodha."

"Nakusikia."

"Ni leo."

"Uko wapi?"

"Uani. Kwenye ngazi."

"Baki hapo hapo. Nakuja. Usikate simu."

Akasimama. Mteja akasema, "Fundi, na simu yangu?" Benchi likamwangalia, na wazee wale wa zamani, walioshinda na njaa ya kicheko miezi miwili, wakainua videvu wakingoja. Vituko aliondoka na ule mswaki wa kusugulia simu bado uko sikioni, alipozoea kuuchomeka. Fundi viatu akainuka bila kuambiwa, akaanza kukusanya skrubu za watu kwenye kifuniko cha chupa.

Njia nzima alitafuta maneno ya kumwambia mtoto. Wallahi hakupata hata moja. Kila lililokuja lilikuwa na mkia wa utani, akalitupa, likaja lingine. Kwenye simu alikuwa anasema tu, "Nipo. Nimefika dukani. Nipo. Nimevuka barabara."

Kitinda alikuwa kwenye ngazi, kikombe cha maji pembeni, sweta mwilini. Vituko akakaa ngazi moja chini yake, akitweta. Aliona akiendelea kujifanya anajua atamwangusha tena.

"Mama, mimi sijui nifanye nini. Niambie."

Kitinda akamtazama muda, akampa simu. Kwenye ile programu kulikuwa na ukurasa wa kusomwa na mtu aliyepigiwa simu. Vituko aliusoma kama anavyosoma maelekezo ya mashine asiyowahi kuifungua, kidole kikifuata mstari. Kaa karibu. Usimlaumu. Usimpe mawaidha. Msikilize. Usimwache peke yake mpaka mwingine afike. Akausoma mara mbili, akamrudishia simu, na akakaa.

Kitinda alizungumza kidogo, kisha sana, kisha akalia. Aliyosema ni yake. Baba yake alikuwa na vitu vingi vya kujitetea humo ndani, lakini hakukigusa hata kimoja. Baadaye binti akavuta pumzi na kuanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika sita sauti ikamkatikia.

"Saba," Vituko akasema.

Akamngoja.

"Nane," Kitinda akasema.

Walifika kumi, wakarudia mara tatu au nne. Mkewe alipoingia getini na sare yake, mbio, na simu mkononi yenye ujumbe wa shangazi aliyechelewa kuona ameitwa, aliwakuta hapo hapo. Kitinda akasema leo anataka kumwona mshauri, asingoje Alhamisi. Wakainuka wote watatu. Pale langoni mwa zahanati Vituko akasimama kando ya jiwe lake kama ada.

"Baba," Kitinda akasema, "una mswaki sikioni."

Vituko akautoa, akautazama. Vichekesho vitatu vilimjia mara moja. Akautia mfukoni.

"Usije ukasimulia haya," binti akasema.

"Sitasimulia."

Akamwangalia tena, akapima. "Unaweza kuingia. Ukae kwenye benchi la ndani."

Akaingia, akakaa.

Na hajasimulia, mpaka leo. Haya yote nimeyapata kwa Kitinda mwenyewe, aliyenipa ruhusa kwa kinywa chake. Baba yake ukimuuliza, atakutazama kidogo, kisha atakuuliza simu yako ina tatizo gani.